Naam ya Angani

Taa ya kiti cha nyuma iliwaka kwenye skrini ya ndege, ndogo, ya kijani. Huwaka mtu anaposema. Nyuma hakukuwa na mtu.

"Mwalimu," Shemsa alinong'ona, "nani anazungumza huko?"

Mwalimu Wakil alicheka. "Upepo huo, bibie. Tazama mbele. Hukuja kujifunza teksi, uangalie abiria."

Chini yao Paje ilimeta, tiara za watalii zikiyumba juu ya maji. Kisha ndani ya hedifoni sauti ya kike, laini, ikaita: "Shemsa."

"Naam," aliitika. Ndivyo alivyolelewa.

Mwalimu alimgeukia. "Naam ya nini? Mimi sikukuita."

Harufu ya asumini iliyonyauka ikajaa ndani ya ndege.

Jioni, bibi yake, Bi Mwatima, alipoyasikia, kisu cha mchicha kilimtoka mkononi.

"Umemwitikia usiyemuona? Mjukuu wangu, naam ni mlango! Ukimfungulia, huichukua hiyo naam yako akakaa nayo. Usende tena."

"Bibi, kesho mwalimu ananiachia ndege peke yangu. Nikikosa, nafasi anapewa mwengine. Na mnara wa kuongozea ndege ukiniita nisiitike, nitashukaje?"

"Huko mnaitana vipi?"

"Kwa nambari ya ndege."

Bibi aliokota kisu chake. "Basi itikia nambari. Jina lako liache lipite."

Kesho yake aliruka peke yake. Juu ya Tunguu taa ya kijani ikawaka, na nyuma yake mkanda wa kiti ukalia, ka!, kama unaofungwa.

"Shemsa."

Alinyamaza. Ikaita kwa sauti ya Mwalimu Wakil, kwa ukali, inua pua, Shemsa, unaanguka, ikaita kwa sauti ya Bibi, ikilia, na kwenye skrini ikazuka alama ya ndege nyengine, si mbele wala si pembeni bali juu ya alama yake mwenyewe, ikigeuka akigeuka, ikishuka akishuka, na asumini ikamkaa kooni, na pumzi ya baridi ikamgusa shingo, naye akauma mdomo mpaka akaonja damu, mpaka mnara ulipoita nambari, nambari tupu, tamu kama dua.

Akaitikia nambari. Akashuka salama.

Mwalimu alimmwagia ndoo ya maji kichwani, kama amwagiwavyo kila arukaye peke yake mara ya kwanza, akicheka. "Rubani! Leo ndo wewe!"

Alifika nyumbani Mji Mkongwe nguo zingali mbichi. Ukumbini kulikuwa kimya.

"Shemsa!" Bibi aliita kutoka juu. "Ushafika?"

Alifungua kinywa aseme naam. Haikutoka. Alijaribu tena. Haikutoka.

Nyuma ya bega lake, kwa sauti yake mwenyewe, mtu aliitika: "Naam, Bibi."

"Alhamdulillahi! Basi panda, mwanangu, panda."

Harufu ya asumini ikampita Shemsa, ikaanza kupanda ngazi.