Cherehani Iliyoharibu Rufaa

Asubuhi mjane wa fundi aliacha uzi mweupe kwenye cherehani. Adhuhuri aliukuta wa buluu, na kitambaa cha mteja kilichosahaulika tangu ajali kimekuwa shati kamili. Matundu ya vifungo yalikuwa membamba kupita kiasi, yaleyale ya mumewe yaliyomgombanisha na wateja miaka yote. Na mumewe ana miaka miwili kaburini, tangu lori limgonge kando ya barabara. Ndala yake moja haikuonekana tena. Ya pili mjane aliiweka kwenye droo ya cherehani.

Kosa lilikuwa lake, alijua. Jana yake alitoka mahakamani amefura. Fidia waliyompa isingefikisha mwaka kwa ada za watoto, eti hakuna ushahidi kuwa marehemu alikuwa na kazi. Akakata rufaa aongezewe, akafika nyumbani akaipiga cherehani kofi.

"Umesikia? Wanasema hukuwa na kazi!"

Tangu hapo kanyagio likawa linakwenda lenyewe kila mchana, na chumba kikanuka breki zilizoungua. Shemeji yake akaleta mganga, naye akaishia mlangoni.

"Huyo si mumeo, mama," alinong'ona. "Ni jini limevaa ufundi wake. Usilisemeshe. Ukililalamikia neno, litalitengeneza."

Mjane akafunga mdomo. Lakini nguo zilizidi, wenyewe wakazifuata, na siku moja mtu wa bima ya lile lori akaja kama mteja, akaondoka na suruali. Ndiyo hiyo wakili wa bima aliyoitandaza mbele ya jaji siku ya rufaa.

"Imeshonwa wiki iliyopita, mheshimiwa. Duka linaendelea. Hasara iko wapi?"

Rufaa ikatupwa. Angejibu nini, kwamba fundi ni jini? Miaka miwili ya njoo kesho, mihuri na nakala tatu tatu, halafu ushindwe na suruali!

Alirudi nyumbani na hasira zake, akaikuta mashine inakwenda kwa raha zake, na onyo la mganga likamtoka kichwani.

"Umeniponza! Sasa wanasema hatukupoteza kitu, kama vile hukufa!"

Kanyagio likasimama. Kigoda kikasogea nyuma polepole, harufu ya breki ikajaa mpaka macho yakamwasha, na hatua zikaanza kuja alipo, mguu mmoja ukiburuza ndala, mwingine mtupu, zikapita meza ya kukatia, zikapita kioo ambacho hakikuonyesha mtu, zikakoma mbele yake.

"Basi sikufa, mke wangu," sauti ilisema kwa upole. "Ndala yangu nyingine umeiweka wapi?"