Bonasi ya Takawiri

Mjomba wangu Mirumbe hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo nikijua mkishanisikiliza mtabisha, nami sitawalaumu. Haya alimwambia mama yangu jikoni kwetu Kegonga, akilia kama mtoto, nami nilikuwa pale pale nikichambua mboga.

Mwaka wa 1997 alikuwa foreman kisiwani Takawiri. Kampuni moja ilikuwa inajenga banda la mawe la kupokelea samaki, ikamwahidi bonasi nono akimaliza kabla ya tarehe ya mkataba. Mjomba alikuwa ameshanunua mashine ya kusaga mahindi kichwani mwake. Hata mahali pa kuiweka alikuwa amepachagua, karibu na soko letu.

Siku yenyewe ilianza vizuri, jua la kupendeza na chai ya rangi. Ila mchanga ulikuwa umeisha, na gugumaji lilikuwa limetanda ziwani hata wenye boti walikataa kutoka. Mjomba akamwambia Javan, fundi wake hodari kuliko wote, achukue mtumbwi akalete mchanga ng'ambo.

Javan alilitazama ziwa. "Foreman, si tungoje upepo uondoe hii takataka kwanza?"

"Tukingoja, bonasi nayo itatungoja?"

Javan akacheka, akaenda. Adhuhuri mtumbwi ulionekana umepinduka katikati ya gugumaji, na Javan hayupo.

Wavuvi wakatundika nyavu zao. Mtu akizama, kazi zote za ufuoni husimama mpaka ziwa limrudishe. Mwenyekiti wao akamjia mjomba kwa upole.

"Foreman, wekeni vyombo chini. Yule mtu akisikia kazi inaendelea, atadhani bado mnamhitaji. Hatarudi."

"Tutamtafuta," mjomba akasema. "Lakini ukuta hausimami."

Jioni upepo ulifungua njia kwenye gugumaji, boti zikaleta mchanga. Dolphine, mke wa Javan, alifika kutoka Magunga na suti ya mumewe ameifunga kwenye leso. Hakutaka pesa, hakutaka pole. Alitaka mwili, akauzike nyumbani, watoto wawe na kaburi la kuonyeshwa. Akaketi ufuoni akitazama maji, na kila aliyepita na karai la simiti alimkwepa macho.

Kesho yake mafundi walikuwa wanakula ugali na omena kivulini. Ghafla wakasikia mwiko wa kujengea ukikwaruza jiwe nyuma ya ukuta. Krrr. Krrr.

"Nani amebaki kazini?" mjomba akauliza.

Wakatazamana. Wote walikuwa pale.

Walipozunguka, hapakuwa na mtu. Ukuta ulikuwa umepanda. Simiti kati ya mawe ilikuwa mbichi, na jukwaa la mbao lilikuwa linachuruzika maji. Wawili walifungasha vitu vyao saa ile ile.

Na mjomba? Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua timazi na kuupima ule ukuta. Ulikuwa umenyooka.

Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Mtu angeogopa, angesimamisha kazi, angemwita mchungaji. Mjomba alianza kuwapeleka watu wake chakulani mapema. Kabla ya kuwaita, alihakikisha simiti imechanganywa vizuri na kuachwa nyuma ya ukuta. Mawe pia, yamepangwa karibu. Chakula cha mchana kikawa kirefu, na banda likapanda haraka kuliko kawaida. Dolphine alikuwa bado pale ufuoni. Mjomba alikuwa akimpelekea uji na kumwambia avumilie.

Mchana mmoja ule mkwaruzo ulikatika. Mjomba akangoja. Kimya. Akaenda peke yake, akachungulia kwenye kona.

Aliona mgongo. Shati limegandamana na mwili. Maji yakidondoka kwenye pindo la suruali. Yule mtu hakugeuka. Alinyoosha mkono mmoja nyuma.

"Mawe," akanong'ona.

 Mjomba angeweza kusema basi. Neno moja tu.

Akampelekea mawe.

Banda lilimalizika kabla ya tarehe. Bwana wa kampuni alikuja, akagonga kuta kwa vidole, akatia sahihi, akamshika mjomba mkono na kumsifu. Bonasi ilipokuwa imeshaingia mfukoni, mjomba aliteremka ufuoni, akasimama mahali Dolphine asipoweza kumsikia.

"Javan," akayaambia maji. "Kazi imeisha. Nenda nyumbani."

Alfajiri ziwa lilimrudisha. Gugumaji lilifunguka, na mwili ukaja taratibu hadi alipoketi mkewe. Alikuwa amekaa majini wiki nyingi. Uso haukutazamika, na watu wazima walijifunika pua wakageuka.

Dolphine hakugeuka. Alichota maji, akaanza kumwosha. Alipofika mikononi akamwita mjomba.

Mikono ilikuwa mizima. Haikuvimba, haikuoza. Viganja vilijaa malengelenge mapya. Mengine yalikuwa yamepasuka na damu bado inatoka. Chini ya kucha mlikuwa na simiti, na Dolphine alipoigusa ilimpaka kidole, mbichi.

Aliinua kile kiganja, akamwonyesha.

"Foreman," akasema kwa sauti ya chini, "mume wangu umemfanyisha kazi mpaka lini?"

Mjomba alitafuta uongo, akaukosa.

"Mpaka jana," akajibu.