Rundo la Theluji Chini ya Dirisha

Theluji iligoma kuyeyuka. Si yote. Ile iliyomwagwa uani kwa Palani siku ya Jumapili, watoto wa mtaa mzima wakairushiana mpaka vidole vikafa ganzi, iligeuka maji kabla jua halijatua, kama theluji yoyote inayoteremshwa mjini Hilo kutoka mlimani. Lilibaki rundo moja tu, chini ya dirisha la chumba cha mtoto, umbo lake kama la mwanamke aliyechutama. Jumatatu likapigwa na jua. Jumanne likanyeshewa na mvua yetu, ambayo haina adabu wala ratiba. Jumatano lilikuwa pale pale, jeupe, halijashika hata tope.

"Labda ni kivuli cha ukuta," Palani alimwambia mkewe.

"Kivuli gani saa sita mchana?" Iwalani akacheka. "Limekupenda hilo. Liletee mkeka lilale."

Palani hakucheka. Alichukua ndoo ya maji ya moto, akayamwaga juu ya rundo. Maji yalipita pembeni, yakatiririka hadi mtaroni, na rundo halikupungua hata kidogo. Aliirudisha ndoo jikoni.

Kumwaga theluji uani si dhambi. Mlima ukishavaa nyeupe, wanaume wa Hilo hupanda na pikapu zao, wakajaza nyuma kwa sepetu, kisha wakashuka mbio kuwahi kabla haijawa uji. Palani alikuwa fundi wa mchezo huo tangu ujana. Lakini Jumapili ile alikuwa na kazi nyingine pia. Mfukoni mwa koti, ndani ya jani pana la mti wa ti lililofungwa vizuri, alibeba kitovu cha binti yake Kaohu, kilichokuwa kimeanguka wiki hiyo. Vitovu vya ukoo wa Iwalani vyote vimo katika ziwa la Waiau, karibu na kilele cha Mauna Kea. Iwalani alikuwa na mshono wa uzazi bado mbichi, na magoti ya bibi yake, Tutu Kapeka, yalishaukataa mlima. Kwa hiyo akatumwa Palani, baada ya Tutu kumkaririsha maneno ya kusema ziwani mpaka akayaota.

Kule juu ukungu ulianza kushuka. Kutoka barabarani hadi ziwani ni mwendo wa miguu, na hewa ya kule humkaba mtu kifua. Binamu yake Makoa alikuwa ameshashika sepetu.

"Ukienda huko, walinzi watafunga barabara," Makoa alisema. "Na watoto wanangoja theluji, si maji. Chagua."

Palani akachagua. Alijiambia mlima wote ni wa Poliahu, mungu wa kike wa theluji, na theluji ya hapa ni joho lake sawa na ya kule. Akatoboa shimo kwa mkono wa kulia katika ukingo wa theluji kando ya barabara, akakisukumiza kile kifurushi ndani, akafukia. Hata neno moja la Tutu hakulisema. Kisha akaenda upande wa pili kugeuza gari, huku Makoa akipakia.

"Kimefika?" Tutu alimuuliza jioni.

"Kimefika, Tutu."

"Maji yalikuwaje?"

"Yametulia. Upepo kidogo tu." Upepo huo aliuongeza mwenyewe, ili uongo upate nyama. Tutu akamshika shavu, akamwita mume wangu, kama alivyozoea kumtania. Palani aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alhamisi asubuhi Iwalani alimvua mtoto nguo amwogeshe, akaita, "Palani, njoo umshike tumboni."

Tumbo la Kaohu lilikuwa baridi kuzunguka kitovu, baridi ya kijiko kilichotolewa kwenye friji. Miguu ilikuwa na joto, kichwa kina joto, ila pale. Hakulia. Titi alilikataa, akageuza uso dirishani na kutabasamu.

Hospitali walimpima, wakamfunika, wakampima tena. Daktari, kijana mpole, alisema haoni kitu. Waliporudi nyumbani baridi ilikuwa imefika kifuani, na Iwalani, ambaye mimba mbili kabla ya hii zilikuwa zimetoka, aliketi kitandani akimkumbatia mwanawe kwa mablanketi mawili.

"Nimekosea wapi?" alinong'ona. "Nilikula nini? Niambie kama kuna kitu nilifanya."

"Hujafanya kitu."

"Basi ni nani?"

Palani akavuta blanketi, akamfunika mtoto vizuri. Maneno yalikuwa mdomoni, alishindwa kuyatema. Alijichukia kwa hilo kuliko kwa lile la mlimani.

Mchana ule Iwalani alisinzia kwa uchovu, Palani akabaki na mtoto mapajani. Jua lilikuwa kali, jirani alikuwa anakata majani kwa mashine. Ndipo akasikia hatua. Zilikuwa hatua za mtu anayekanyaga chumvi ya mawe, taratibu, zikizunguka nyumba kutoka upande wa jikoni. Mashine ya jirani ikanyamaza. Harufu ya jiwe lililolowa ikaingia chumbani, na hatua zile zikaja, zikapita bafuni, zikapita ukuta wa kitanda alikolala Iwalani, zikasimama chini ya dirisha, na kioo kilichokuwa kimeota jua tangu asubuhi kikaanza kuganda kutoka chini kwenda juu, na katika ule mgando akaona weupe wa nguo, kisha mabega, kisha viganja viwili vya mwanamke vilivyokunjuliwa pamoja, si vya kupiga wala kukwapua, bali vya mtu aliyeahidiwa kitu na ambaye amekuja mwenyewe kukipokea, na Kaohu, ambaye hata shingo yake bado haikuwa imekaza, akanyoosha mikono yote miwili kwake.

Palani alimkumbatia mtoto, akakimbilia sebuleni kwa Tutu, aliyekuwa anatazama mchezo wa televisheni na kutafuna plamu kavu. Akapiga magoti.

"Sikufika ziwani," alisema. "Nilikiacha barabarani. Nilikudanganya."

Tutu alizima televisheni. Nyuma ya Palani, mlangoni, Iwalani alikuwa ameamka na amesikia.

"Nilikuuliza," Iwalani alisema kwa sauti ndogo. "Nimekuuliza leo hii nimekosea wapi, ukaniacha nijitafute."

Makoa aliitwa, akaja mbio akiwa na viatu vya kazini. Alipoliona rundo, akarudi nyuma.

"Tumwite mchungaji alifukuze hili," alisema.

"Amfukuze nani?" Tutu akamkata. "Jini ndilo linalofukuzwa. Huyu ni mwenye mlima, na nyie ni wapangaji wabovu. Jumapili ulichota wapi?"

"Pale pale ukingoni. Alipokuwa amesimama Palani."

Tutu hakungoja zaidi. Alitoka na fimbo yake, akainama kwa taabu, akaingiza mikono mitupu katika rundo. Maji ya moto yalikuwa yameshindwa, ila mikono yake iliingia kama kwenye unga. Akatoa jani la ti, bichi, kamba yake haijalegea.

"Haya," alisema. "Ulimkabidhi Poliahu mtoto njiani, kwa kitovu chake, kama mtu anayetupa mzigo. Kisha mkamnyang'anya, mkapakia na joho lake juu. Naye amefuata vyote viwili. Ningekuwa mimi ningekuja na hasira. Yeye amekaa siku zote hizi dirishani, anangoja."

Iwalani alimtazama mumewe. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

"Nenda," alisema. "Asipopata joto, usirudi hapa."

Walilijaza rundo katika boksi la kuhifadhia samaki, na Palani akapanda mlima peke yake. Barabara ilikuwa wazi. Alipofika juu alibeba boksi kifuani, akatembea huku mapafu yakimwaka, akaanguka, akainuka. Ziwani alirudisha theluji kwanza, kiganja kwa kiganja. Alipotaka kusema maneno ya Tutu, yote yalimtoka kichwani.

"Nilikuwa mvivu," alisema basi. "Nikadanganya, na mke wangu akajilaumu, nami nikamwacha ajilaumu. Mtoto hana kosa. Nipe adhabu mimi."

Akaingiza mkono wa kulia majini na kile kifurushi. Kilipokelewa. Halafu mkono wake ukashikwa, kwa upole, kama mama anavyomshika mtoto kumvusha barabara, ukashikwa kwa muda, kisha ukaachiwa.

Alipofika bondeni simu ililia. Iwalani alikuwa analia, na nyuma yake Kaohu alikuwa anapiga kelele za njaa.

"Ananyonya," alisema. "Ana joto. Rudi."

Alirudi. Alisamehewa, kadiri mtu anavyosamehewa jambo kama lile. Theluji haikuonekana tena chini ya dirisha.

Ila mkono wa kulia wa Palani haujapata joto tangu siku ile. Ameuweka juani, ameuchovya katika maji ya moto, wapi. Miezi imepita, na Kaohu akilia sasa, hataki titi wala mgongo wa mama yake. Hutambaa hadi kwa baba, akauvuta mkono ule, akaulazia shavu na kunyamaza, macho yake yakielekea mlimani. Iwalani hupenda kuwatazama hivyo, husema mtoto ni wa baba. Palani humwachia mkono na hamsahihishi, maana anajua si yeye anayembembeleza.