Nyuma ya Sifuri

Bi harusi alitoka na ukungu, na pazia la nyuma yake likatoka safi hadi nyuzi zake. Raiya alizitazama picha kwenye kompyuta, akazikuza, akazipunguza, akazikuza tena. Macho ya bi harusi, yaliyotiwa wanja asubuhi nzima, yalikuwa madoa mawili meusi, na huku nyuma ungeweza kuhesabu mishono ya pazia mmoja mmoja. Katika harusi nzima ya kina Mujahid kule mtaani Shela, picha moja tu ndiyo iliyotoka kali: ile ya pete juu ya sinia.

Mwingine angeshtuka. Raiya alikasirika. Kinamama wa Malindi walimwita yeye kwa sababu siku ya kumtoa bi harusi nje hakuna mwanamume anayeingia na kamera kati ya wanawake, na sifa yake yote ilikuwa ni yale macho ya maharusi, namna yalivyong'aa pichani. Tena Ijumaa inayokuja aliyekuwa akitolewa ni Ruqaiya, mdogo wake wa pekee, aliyembeba mgongoni tangu akiwa mchanga. Kwa Ruqaiya hakutaka kosa hata moja.

"Lenzi imepoteza shabaha," alimwambia mama yake, Bi Nana. "Naielekeza kwa mtu, yenyewe inashika kilicho nyuma yake."

"Na nyuma yake kuna nini?"

"Pazia, mama. Kutakuwa na nini tena?"

Bi Nana akaendelea kuchambua mchele wake.

Dawa ya lenzi ya namna hiyo ipo, na si ghali. Raiya aliagiza kifaa kutoka Mombasa, na kilipofika akacheka, kwani kilifanana na kitu cha kuchezea watoto: kibao cha plastiki chenye miraba myeusi na myeupe, na ubavuni mwake rula iliyoegeshwa kwa mteremko. Sifuri iko katikati, usawa wa kibao. Namba nyingine zinakwenda nyuma, nyingine zinakuja mbele. Unaweka kamera kwenye stendi, unalenga kibao, unapiga, kisha unaangalia ni namba gani iliyotoka kali. Ikiwa ni sifuri, lenzi ni nzima. Ikiwa ni ya nyuma, unaingia kwenye mipangilio ya kamera, unaivuta fokasi mbele kidogo kidogo mpaka ikae mahali pake.

Alianza alasiri katika chumba cha uani, dirisha wazi, maana kazi hii inataka mwanga wa mchana. Kamera ikalia tii, ile sauti yake ya kusema nimeshaona. Namba iliyotoka kali ilikuwa tisa ya nyuma. Akavuta kidogo, ikawa saba.

"Haya, njoo," akaiambia lenzi, kama anayeita mbuzi.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha, akairudisha kamera kama ilivyokuwa mwanzo, akapiga tena akitegemea kuiona tisa. Ikatoka sita.

Akapangusa kioo cha lenzi. Akakaza stendi. Akapiga bila kugusa chochote, ikatoka tano, na chumba kikaanza kunukia udi, ingawa chetezo cha nyumba kilikuwa kabatini kimeviringishwa gazeti, kikisubiri Ijumaa.

Ni jirani, alijiambia, upepo umeuleta. Binadamu ni hodari wa kujipa majibu. Akawasha skrini ya nyuma ya kamera ili aone vizuri zaidi, na skrini ikachora kile kimraba cheupe ambacho kamera huchora inapotambua uso wa mtu, lakini kimraba hakikukaa kwenye kibao wala kwenye meza, kilikaa juu ya rula, hewani, mbele ya ukuta mtupu wa chokaa, kikawa kinatikisika kidogo kidogo kama kinavyotikisika mtu aliye mbele ya kamera anapovuta pumzi, kisha kikasogea mbele taratibu, kikatulia juu ya namba nne.

Hapo mwenye akili zake angefunika kamera, akatia udhu, akatafuta watu wa kukaa nao. Raiya alikuwa na harusi ya mdogo wake. Alizima skrini, akabandika jicho kwenye tundu la kamera, akaendelea kuvuta. Nne ikawa tatu, tatu ikawa moja. Ilipofika sifuri alihisi pumzi ya baridi ikimpiga kwenye mboni, kutokea ndani ya tundu, na jicho likamtoka machozi. Tii, ikasema kamera. Kibao kilikuwa kikali kuliko alivyopata kukiona.

Akamwita Ruqaiya aje ajaribiwe. Ruqaiya akaja na uso wa hasira, mikono ameinyoosha mbele kwa sababu piko, ile rangi nyeusi ya maua ya harusi, ilikuwa haijakauka, akaketi palipokuwa na kibao.

"Fanya upesi, dada. Mikono inaniuma."

Tii. Raiya akatazama picha, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kila unywele, kila ukope ulikuwa mahali pake. Ilimchukua muda kuona kwamba Ruqaiya, aliyekuwa bado ameketi mbele yake amenuna, pichani alikuwa akitabasamu.

Magharibi ilipoadhiniwa Ruqaiya alikuwa kitandani, amegeukia ukuta, mikono baridi kama chuma cha alfajiri, na mdomoni mwake ikitoka sauti nzito ya mtu mzima, ikiuliza swali lile lile: "Sinia yangu iko wapi? Nani aliyechukua sinia yangu?"

Maalim Yasin aliletwa kutoka Mambrui usiku huo huo. Alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Alisoma dua, mkono wake juu ya kichwa cha msichana, akasikia swali la sinia, kisha akawageukia wenyeji.

"Nani hapa aliyegusa cha watu?"

Raiya alijua kabla hajamaliza kuuliza.

"Mimi, Maalim. Kule Shela, chumba cha ndani. Kulikuwa na sinia pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe. Halua, marashi, chetezo kinafuka. Nikadhani ni pambo. Nikaivuta dirishani kwenye mwanga, nikaweka pete ya bi harusi juu ya halua, nikapiga picha. Na mkoba wa kamera nikaufukiza pale pale, unukie mbele za wageni. Na leo alasiri nimekaa nikiivuta lenzi ije mbele, namba kwa namba."

"Nyumba kongwe zina mwenyeji asiyetajwa," alisema Maalim. "Huwekewa chakula chake kabla ya harusi ili asimsogelee bi harusi. Wewe ulimwondolea sahani, ukamfukizia njia. Tena leo ukakaa ukimvuta, namba baada ya namba, mpaka ukamketisha juu ya mdogo wako."

"Sikujua, Maalim."

"Najua hukujua. Yeye hajali."

Bi Nana alitengeneza sinia nyingine kwa mikono yake, halua bora zaidi, marashi chupa nzima, akaipeleka Shela na kuomba radhi mlangoni. Maalim aliandika kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji na Ruqaiya akanyweshwa. Raiya alimshika mdogo wake mkono juu ya chetezo, machozi yakimtiririka bila kukoma.

"Moshi huo," alisema Bi Nana kwa upole.

"Unatoka?" aliuliza Maalim.

"Natoka," ilijibu ile sauti, imechoka.

"Kwa njia gani?"

"Kwa njia niliyopitia."

Wote wakaitazama lenzi mezani. Maalim akaiviringisha kwenye sanda, wakaizika nyuma ya nyumba kabla ya alfajiri. Ruqaiya alifumbua macho, akaomba chai, na Raiya akalia kwa furaha mbele ya watu wote bila haya.

Ijumaa alitumia lenzi ya kuazima, tena akazima fokasi ya kamera kabisa. Aling'ang'ania kuizungusha kwa mkono wake mwenyewe, jicho lake likichagua. Ruqaiya alitolewa amejaa asmini na dhahabu, ukumbi ukapiga vigelegele, na kila alipobonyeza Raiya aliyaona macho ya mdogo wake yakiwa safi kabisa.

Jumamosi akafungua picha. Ruqaiya alikuwa ukungu katika zote. Kilichotoka kali ni mgongo wa kiti na asmini zilizotundikwa nyuma yake, moja baada ya moja.

Mashine haikuwa imechagua chochote safari hii; lililochagua ni jicho lake, lile lililopigwa na pumzi ya baridi. Akaenda kukitoa kile kibao cha plastiki, akakiweka mezani, akaiacha kamera kwenye mkoba, akainama na kuitazama rula kwa macho yake tu. Sifuri ilikuwa doa. Nyuma yake, tisa ilisomeka vizuri. Hakuinua kichwa kutazama ni nini kilichosimama pale mwisho wa rula.

Hakumwambia mtu. Maalim alikuwa amerudi kwake, Bi Nana alikuwa amelala usingizi wa kwanza wa wiki nzima, na bi harusi alikuwa ndani na mumewe katika fungate yao. Kila asubuhi Raiya aliinama mezani, na kila asubuhi namba ilikuwa imesogea. Siku fungate ilipokwisha namba ilikuwa moja. Ikifika sifuri, atakayetazamwa na jicho hilo ndiye atakayekaliwa.

Asubuhi hiyo hiyo mlango ukagongwa, na vicheko vya Ruqaiya vikaingia kabla yake.

"Shikamoo, dada. Nimekuja kuona picha zangu."

"Marahaba, mwanangu." Raiya alikuwa amegeukia ukuta.

"Mbona hunitazami?"

"Macho yananiuma. Njoo karibu nikushike."

Akayafumba kwa nguvu zake zote, akanyoosha mikono. Ruqaiya akaja, na Raiya akaupapasa ule uso taratibu, nyusi, pua, mashavu ya moto ya mtu mzima wa afya, akijua kwamba hivi ndivyo atakavyomwona mdogo wake maisha yake yote.

"Dada," alisema Ruqaiya akicheka kidogo, "mikono yako inanukia udi."