Maji ya Asubuhi

Mwanzoni shangazi yangu alidhani kuna mtu amesahau tambara nyuma ya mtungi wa maji pale ofisini. Harufu ilikuwa ya tambara lililofutiwa maziwa likaachwa lioze. Alichungulia. Palikuwa pakavu.

Aliandika programu za simu katika kampuni iliyojiita familia. Kila asubuhi wafanyakazi waliuzunguka mtungi ule. Mwenye lalamiko hakuruhusiwa kulisema; badala yake meneja, ambaye wao kwa wao walimwita Tabasamu, alimjazia bilauri, naye akanywa yote mbele ya wenzake na kusema, "Nimemeza." Wakapiga makofi, yakaisha.

Shangazi, mwenye mimba changa, alikunywa kuliko wote. Alimeza kazi za Jumapili. Alimeza programu yake kutangazwa kwa jina la Tabasamu.

"Dada, leo tunakunywa au tunaoga?" Kipara, jirani yake wa meza, alimnong'oneza bilauri ilipofurika.

Kisha vibonye vya kompyuta vikaanza kukutwa na ute mzito, wa uvuguvugu, kana kwamba vimelambwa. Msafishaji aliufuta huku ameziba pua, akaapa kwamba panya hana mate mengi hivyo. Na mtungi, bila kuguswa na mtu, ukawa unatoa sauti ya koo linalomeza, taratibu, kwa utamu, hasa Tabasamu alipokuwa akihutubia, mpaka shangazi akajikuta naye anameza kila unapomeza, na kila funda lilishuka na kitu chembamba kama unywele, nacho kikafika tumboni kikajikunja karibu na mtoto.

Mama yake alimpeleka kwa mganga, mwanamke asiye na maneno mengi. Mganga alimnusa mdomo, akageuza uso.

"Mwanangu, hayo si maji. Ni mate ya jini. Mnachomeza ndicho chakula chake."

"Na mtoto?"

"Yaseme yote uliyoyameza mbele ya huyo anayekunywesha. Ukibakiza hata moja, hapo ndipo jini atakapokaa."

Asubuhi iliyofuata shangazi aliikataa bilauri, akasema. Alisema Jumapili, alisema programu, alisema makofi yale yalivyomtia kinyaa. Tabasamu hakuacha kutabasamu. Alimsogezea bilauri mpaka ikagusa midomo. Hapo shangazi akatapika: ute, kisha fundo la nywele nyeusi, refu, lililotoka likijivuta lenyewe, na katikati yake vijino vidogo vilivyokuwa bado vinatafuna. Mtungi ukapasuka. Kipara alimshika mkono, wakatoka, wala hawakurudi.

Lakini lilibaki moja. Siku aliyomweleza Tabasamu habari za mimba, bwana yule alilitazama tumbo lake na kusema shangazi angesubiri kazi iishe kwanza ndipo ashike mimba. Naye, kwa mazoea ya pale, akamwomba radhi. Aibu ya radhi ile ilimfunga mdomo. Hata mama yake hakumwambia, mpaka mtoto alipokua.

Mtoto alizaliwa mzima, mnene, mtulivu kupita kiasi. Hakulia kwa njaa, hakulia alipoanguka. Alichelewa kusema, tukamtania mama yake kwamba amezaa mzee.

Mchana mmoja shangazi alimnyang'anya kijiko. Mtoto alimtazama. Koo lake dogo likapanda, likashuka, na chumba kikanuka tambara lililooza.

"Nimemeza," akasema, kisha akajipigia makofi.