Foleni ya Baiskeli

Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, Kandida wa Katindiuka alikuwa na kazi tatu kila asubuhi: kufagia uwanja, kuanika mpunga na kufukuza kuku walioamini kuwa mpunga huo umeanikwa kwa ajili yao. Alhamisi moja aliongezewa ya nne. Dada yake, Natalia, alitakiwa kuripoti chuo cha uuguzi Jumatatu akiwa na cheti cha kuzaliwa. Natalia na mama walikuwa shambani wakivuna, hivyo Kandida, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikabidhiwa stakabadhi ya kuchukulia cheti na baiskeli, akatumwa Ifakara mjini.

Ofisi ya kusajili vizazi ilikuwa imebadilika. Zamani watu walijazana ukumbini bega kwa bega. Sasa ukumbi ulikuwa umefungwa. Nusu ya watumishi walifanya kazi wiki moja na nusu wiki iliyofuata, na huduma ilitolewa dirishani kwa watu ishirini tu kwa siku. Uani palikuwa na ndoo ya maji yenye koki, na sabuni iliyofungwa kwa kamba, kwa kuwa tatu za kwanza hazikufungwa. Foleni nayo haikuwa ya watu. Mkuu wa ofisi, Mzee Remigius, aliagiza kila mtu apange baiskeli yake kwenye mstari, kisha akakae mbali na wenzake. Baiskeli ina urefu wa karibu mita mbili, na haikohoi.

Kandida alifika saa nne asubuhi, akahesabu. Yake ilikuwa ya ishirini na moja. Ya ishirini ilikuwa ya Nyamizi, mama aliyetoka kijiji cha mbali ng'ambo ya mto, ambaye wakati huo alikuwa kwenye ndoo akinawa mikono kama tangazo lilivyoagiza.

"Zibadilishe," alinong'ona Beatus, mwanafunzi mwenzake, ambaye baiskeli yake ilikuwa ya kumi na tano. "Baiskeli haina mdomo."

Kandida alitazama huku na huku, akazibadilisha.

Nyamizi aliporudi, alisimama akiitazama baiskeli yake. "Nilidhani yangu iko mbele ya hii," alisema. "Labda jua limenichanganya."

Kandida alijitia kukagua mnyororo wa baiskeli yake.

Saa saba mchana karani Evod alichungulia dirishani. "Wa ishirini ni binti huyu. Wengine njooni kesho, tena mapema. Ijumaa watu huwa wengi."

"Haya, baba," alisema Nyamizi. "Ngoja nikatafute pa kulala."

Kandida alikuwa tayari dirishani. Cheti cha Natalia kilikuwa mezani, aliweza kusoma jina. Akarudisha nyuma mkono wenye stakabadhi.

"Kaka, siyo zamu yangu. Ni ya mama yule. Nilihamisha baiskeli yake alipokwenda kunawa."

"Mjinga wewe!" alisema Beatus, aliyekuwa amehudumiwa na kubaki kumsubiri, nyuma ya barakoa.

Evod alimgeukia Mzee Remigius aliyeketi ndani. "Mwite mama," alisema mzee. "Binti arudi kesho. Ishirini ni ishirini."

Nyamizi alihudumiwa. Alipopanda baiskeli yake alisema, "Kumbe jua halikunichanganya. Asante, mwanangu."

Ijumaa Kandida aliondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, akawa wa nne. Evod alipita na kuandika namba kwa chaki kwenye tandiko la kila baiskeli. Saa tatu asubuhi Mzee Remigius mwenyewe alimpa cheti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Jana nilisema kweli. Mbona leo mmeleta chaki?"

Mzee alirekebisha barakoa yake. "Ulisema kweli, na ndiyo maana nakuheshimu. Lakini ulichelewa kwa muda wa saa tatu, na saa zote hizo mama wa watu alikuwa akijilaumu bure. Baiskeli haina mdomo, binti yangu, wewe unao. Mwenye kuujua ukweli auseme mapema. Hadi sote tujifunze hilo, chaki itatusaidia."

Kandida alinawa mikono, akafuta namba nne kwenye tandiko, akampelekea Natalia cheti chake.