Makaa ya Bondeni Kaagya

Ndizi zilikuwa motoni tangu asubuhi, makaa mekundu kama macho ya mlevi, lakini Kemilembe alipotumbukiza kidole chunguni, maji yalikuwa baridi kama ya kisimani.

"Tata Joviana, moto huu una nini?"

Mumewe, Karugendo, alichungulia jikoni. Kando ya mafiga aliliona debe lake. Tupu.

Mwaka ule wa pili baada ya Azimio la Arusha, Karugendo alikuwa msimamizi wa wachimbaji bondeni Kaagya. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutembea kifua mbele: kumsaidia mtaalamu kutoka Dar es Salaam kuthibitisha kwamba mababu wa bonde lile waliyeyusha chuma kabla Wazungu hawajajua kuvaa suruali. Tanuri walikwisha kulifukua. Makaa yake, yakipimwa maabara, ndiyo yangetaja umri. Mvua ilipovujisha hema, Karugendo aliyabeba nyumbani kwa debe lile, akayaanika uchagani juu ya mafiga. Hakumweleza mkewe ni makaa ya nini. Kuni zilikuwa mbichi, na makaa ni makaa.

"Mama Joviana, umepikia miaka elfu mbili!"

"Nimepikia nini?"

Kabla Karugendo hajajibu, meko yalipumua. Fuu... haa. Fuu... haa. Jiko likajaa harufu ya damu. Pale kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni, binti yao Joviana, wa miaka minne, akaanza kupumua kwa mdundo uleule, kifua kikipanda na kushuka kama kinavutwa na mivukuto ya mhunzi isiyoonekana, na Karugendo alipomgusa aliungua kiganja, kwa kuwa joto lote lililokosekana chunguni lilikuwa limehamia kwa mtoto, na kile kinywa kidogo kikafunguka, na sauti ya mzee mwenye vumbi kooni ikasema, "Vukuteni. Bado hakijaiva."

Wakamwagia moto maji. Makaa hayakuzimika, aliyepiga yowe ni mtoto.

Byarugaba, mfumu wa jirani, mganga wa mizimu, alifika amelowa chapachapa kwa mvua. Alitikisa njuga yake mara mbili, akasikiliza, akaiweka chini.

"Mzimu huyu hana hasira, waitu," alinong'ona. "Yuko kazini. Mmewasha tanuri lake, na mhunzi hatoki kabla chuma hakijatoka."

"Mtoto atakufa!" alisema Kemilembe.

"Kabla ya jua kutua. Labda mtu mzima ampe mhunzi kifua chake. Aseme tu: mimi."

Karugendo, ambaye kwenye mikutano ya TANU hunyoosha mkono kabla swali halijaisha, aliitazama mikono yake. "Hivi... mbuzi hawezi kufaa?"

"Mimi," alisema Kemilembe.

Joviana akapoa papo hapo, akaomba ndizi. Mama yake alivukuta hadi kesho yake adhuhuri, midomo ikibabuka, na alichokitema mwishoni kilikuwa bonge la ukubwa wa yai. Kisha meko yakanyamaza, naye pia.

Walipokwisha kumzika, mtaalamu alikuja kudai makaa yake. Karugendo akampa lile bonge.

"Chuma safi kabisa! Huu ndio ushahidi! Mmekipata wapi?"

"Chini kabisa, bwana."

"Ajabu. Mbona bado kina joto?"

Joviana akakinyakua, akakiweka shavuni, akafumba macho kama mtoto anayebembelezwa. Ilibidi baba yake ambandue vidole, kimoja baada ya kingine, ili mtaalamu aweze kukibandika namba.